Msamaha Aliopewa Rabi Wachsmann

Rabi Leopold Wachsmann alikuwa mtu wa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomponza. Miaka yote katika kamji kale ka Alabama, kusini mwa Marekani, hakuwahi kumuudhi mtu: si Wayahudi wenzake wenye maduka waliojaza sinagogi yake, si mkuu wa polisi, si majirani Wakristo waliomletea keki. Mimi ningeiita woga. Wenzake waliiita ustaarabu, wakampenda kwa ajili hiyo.

Mwaka 1965, watu weusi walipokuwa wakiandamana kudai haki ya kupiga kura, Verdell alikamatwa. Alikuwa binti wa Odell Gaines, mfagizi wa sinagogi. Odell alimwomba rabi jambo moja tu: waende wote jela, asimame kando yake, askari waone kwamba msichana ana watu. Rabi akasema ana mahubiri ya Sabato ya kuandaa. Wiki hiyohiyo marabi kutoka New York walikuja kuandamana, wakatiwa ndani, wakawa wanaimba zaburi chumba cha pili kutoka cha Verdell. Hao walitoka kaskazini, mbali kote huko. Rabi wetu, mitaa mitatu tu ya kufika jela ilimshinda. Verdell alipigwa, akatoka na sikio moja lisilosikia.

Siku ya Upatanisho, sikukuu kuu ya Wayahudi, ikakaribia. Siku hiyo Mungu husamehe aliyokosewa Yeye. Uliyemkosea binadamu, umfuate mwenyewe ukamwombe. Rabi alikuwa amelifundisha hilo mpaka watoto wakalikariri, na sasa chakula kilikuwa hakimpiti kooni.

Alimkuta Odell akifuta viti.

"Odell, ndugu yangu, ile siku ya Verdell nilikukosea sana. Nisamehe."

"Aa, hayo yameshapita, Rabi. Nimekusamehe," Odell alijibu upesi, bila kuinua macho. "Lile pazia jeupe la sikukuu nilitundike leo?"

Rabi alirudi nyumbani mwepesi, akanywa supu kwa hamu. Mkewe, Trude, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kasamehe haraka hivyo?"

"Papo hapo!"

"Leopold wee! Ulitaka akwambie nini, na mshahara wake unatoka mkononi mwako? Umemwomba au umemwagiza?"

Rabi akasukuma bakuli. Aliona aibu kuliko siku ile ya jela. Siku ile aliogopa tu. Leo alikuwa amemnyang'anya mtu hata jibu lake.

Akarudi. Odell alikuwa juu ya ngazi.

"Shuka kwanza, Odell."

"Nimelipinda?"

"Pazia halina neno. Nimekuja kuomba tena, na safari hii unaweza kukataa. Kazi yako haiguswi, naapa."

"Rabi, mie si nilishasema?"

"Ulimjibu bosi wako. Mimi namtaka baba yake Verdell."

Odell akashuka polepole. Akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jibu la baba yake unalitaka kweli?"

"Nalitaka."

"Basi sijakusamehe. Nikimwita mwanangu kwa kushoto, hageuki. Kila asipogeuka nakumbuka wewe na mahubiri yako. Tena mimi siye wa kuombwa. Mwenye sikio yuko nyumbani. Nenda kamwambie yeye."

Rabi akaitikia kwa kichwa, akatoka mbio mbio hadi barabarani. Hapo akasimama. Odell alikuwa amemfagilia sinagogi miaka yote ile, naye hakujua anakaa wapi. Ilimbidi arudi ndani akaulize.