Piki za Baba Watoto

Mume wangu alipiga gita kwenye harusi na matanga toka Malava hadi Khwisero, na miaka hiyo yote sikuwahi kumnunulia piki hata moja. Vile vipande vya plastiki vya kupigia nyuzi alivichagua mwenyewe. Alitaka nyembamba, zinazopinda kidogo, kwa kuwa nene, alisema, zilimfanya asikike kama mtu anayepasua kuni. Ncha ikilika, aliitupa na kutoa nyingine mfukoni mwa shati. Mimi nilizikutaga kwenye karai nikifua.

Kisha kiharusi kikampata asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Mguu ulipona polepole. Mkono wa kulia ulipona nusu. Kikombe aliweza kukishika, lakini piki ilimponyoka kabla ya ubeti kuisha, ikatumbukia ndani ya gita. Mara ya kwanza tulicheka, tukaligeuza gita na kulitikisa mpaka ikatoka. Baadaye nililitikisa peke yangu, naye akitazama ukuta.

Nikaenda mjini Kakamega, kwa fundi wa magita na redio karibu na soko, nikamweleza.

"Mchukulie nene, mama," akasema. "Hata mkono dhaifu huishikanga."

Ilianguka. Nikarudi kuchukua ya pembetatu, kubwa zaidi. Nayo ikaanguka. Mwishowe nilikata tyubu kuukuu ya baiskeli, nikagundisha vipande vyake pande zote mbili za piki ili isiteleze. Hiyo ilikaa.

Alasiri ya Jumapili alipiga wimbo aliokuwa akinipigia enzi za uchumba wetu. Niliacha kuchambua mboga. Nyuzi zililia nzito, zikachelewa mahali pa kukimbia, zikakimbia mahali pa kutulia. Hakukatiza. Alipomaliza akaniuliza, "Unaonaje?"

"Ni tamu."

"Mama watoto, usinidanganye. Wewe hujuanga nimekosea hata kabla yangu mwenyewe."

Akaiweka ile piki mezani.

"Usininunulie nyingine. Na hili gita mpelekee ndugu yangu kule Lumakanda. Likikaa hapa nitakuwa nalitazama tu."

Nilimsihi angoje, mkono bado unapona. Akatikisa kichwa. Wiki hiyo nikalifunga kwa shuka na kulipeleka. Shemeji alilipokea kwa mikono miwili, akaketi nalo mapajani bila kuligusa nyuzi, mpaka nilipoaga.

Sasa mume wangu hutembea hadi kwenye miwa na kurudi, na anakula vizuri. Watu huniambia nishukuru, nami nashukuru. Lakini redio ikianza wimbo wa gita, yeye huinuka akatoka nje taratibu, kana kwamba anaenda kuangalia ng'ombe. Mimi hubaki jikoni nikisikiliza mtu mwingine akipiga bila kukosea, na hujifuta macho kwa leso kabla hajarudi.