Sentensi Niliyoimeza

Ipo alasiri moja ya ujana wangu, mwanangu, inayonirudia kila ninapowasikia vijana wakimcheka mwenzao kwa sababu Kiingereza kimemponyoka. Naikumbuka mpaka harufu ya chaki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, ninakaa kwa wazazi wangu Temeke, na mambo ya nchi yalikuwa yakibadilika kwa kasi ambayo hata watu wazima hawakuielewa. Maduka yalijaa bidhaa ambazo tulikuwa hatujapata kuziona. Wakati huohuo ilinong'onwa kwamba viwanda vya umma vitauzwa, na baba yangu alikuwa mtunza bohari katika kimojawapo. Kila aliporudi kazini tulimtazama usoni kwanza, kabla hata ya kumwamkia, tujue kama leo ndiyo wamemwambia.

Kampuni za watu binafsi zilikuwa zikifunguliwa mjini, na karibu zote zilitaka mtu anayejua Kiingereza. Ndiyo maana vijana wengi wa mtaa wetu tulikusanyika katika darasa la shule ya msingi, watoto wakishaondoka, kufundishwa na Mwalimu Mbwambo, mstaafu kutoka Upare ambaye hakuvua tai hata katika joto la mwezi wa pili. Darasa lile lilikuwa na desturi moja ambayo mwalimu alijaribu kuifuta akashindwa. Mtu akikosea neno, wajuzi waliokaa madawati ya nyuma walipaza sauti kwa pamoja, "Kachapia!", na darasa zima likapasuka kwa kicheko. Kiongozi wa wajuzi hao alikuwa kaka yangu Shaibu, tumbo moja, aliyejifunzia ung'eng'e wake kwenye kanda za video.

Siku hiyo mwalimu aliingia na mgeni, mama mmoja wa makamo mwenye mkoba wa ngozi. Alikuwa na kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na alitafuta msichana wa kupokea simu ofisini.

"Vyeti nimeviona vingi," alituambia. "Leo nimekuja kusikia watu wakizungumza."

Akaketi karibu na mlango. Baba alikuwa na habari za ujio wake, kwa kuwa mwalimu alikuwa amemdokeza msikitini… la, nisiseme uongo, mwalimu alikuwa Mkristo. Walikutana kwa kinyozi. Asubuhi ile, kabla ya kwenda kazini, baba alinipigia gauni pasi kwa mikono yake mwenyewe, yeye ambaye sikuwahi kumwona akiishika pasi. Akalitundika mlangoni, akaondoka.

Mwalimu akaandika ubaoni kitenzi cha Waingereza, "miss out". Alitueleza kwamba hukitumia mtu anapokosa jambo jema ambalo wenziwe wanalipata, jambo lililokuwa karibu kabisa na mkono wake. Kisha akaagiza kila mmoja asimame na kutunga sentensi yenye kitenzi hicho, nayo iwe ya kweli, imhusu yeye mwenyewe.

Kwa kawaida mazoezi yale tuliyafanyia mzaha. Siku hiyo yaligeuka maungamo. Mmoja alisema anaogopa kukosa kiwanja Kimara, maana kila anayemjua keshaanza kuchimba msingi. Mwingine alikuwa amekataa kujifunza uchongaji kwa mjomba wake pale Mwenge, na sasa anaona watalii wakija na yeye hana cha kuwauzia. Nikatambua kwamba kila aliyekaa mle ndani alikuwa na mlango wake alioudhani unafungwa. Jambo hilo lingepaswa kunituliza. Lilinizidishia hofu, kwa sababu kila aliyesimama aliisogeza zamu kwangu, na viganja vyangu vilikuwa vimelowa hata kalamu ikawa inateleza.

Sentensi nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitunga na kuipitia neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele wa wageni. Haikuwa na kosa.

Kabla yangu alisimama Tatu, jirani yetu, aliyekuwa akiuza vitumbua na mama yake sokoni Tandika. Alianza, akakwama, akaruka neno, akarudi nyuma.

"Kachapia!"

"We Tatu," Shaibu akadakia, "hicho Kiingereza cha wapi, cha Tandika?"

"Cha Tandika ndiyo, kaka'angu. Chako cha kwenye video kimekupatia kazi gani?"

Kicheko kikamgeukia Shaibu. Tatu naye alicheka, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga, akaianza upya sentensi yake na kuifikisha mwisho. Makosa yalikuwamo bado, lakini sote tulielewa alichokusudia.

Zamu ikawa yangu. Nilisimama. Darasa lilitulia, na katika utulivu ule nikamsikia kaka yangu akisafisha koo, kama alivyozoea nyumbani kabla ya kuiga sauti yangu. Hakufanya zaidi ya hapo. Sentensi ilikuwa tayari kinywani, nami nikaimeza.

"Nipite, mwalimu," nikasema, tena kwa Kiswahili.

Mwalimu alingoja. Yule mama naye alingoja, akinitazama bila hasira, kama anayempa mtu muda wa kutafuta ufunguo. Nikaketi. Kabla ya adhana ya magharibi, Tatu alikuwa ameelekezwa ofisi ilipo.

Nyumbani Shaibu alilisimulia jambo hilo mkekani, mbele ya chakula, kama kichekesho.

"Baba, mwanao leo kasimama kama nguzo ya umeme! Kaambiwa aseme, kasema 'nipite'!"

Baba alilirudisha tonge sahanini. Akanigeukia.

"Mama, ulikuwa huna la kusema?"

"Nilikuwa nalo, baba."

"Haya, liseme."

Nikalisema kwa Kiingereza, lote, bila kukwama. Baba hakuwa na lugha hiyo. Akaniomba nimwambie kwa Kiswahili.

"Nimesema, sitaki baba yangu akose kupumzika uzeeni kwa sababu mimi nimekosa kazi."

Alinawa mkono. Kisha akamwambia kaka yangu, taratibu, neno ambalo sijalisahau:

"Shaibu, umemcheka dada yako mpaka akaiacha nafasi. Ulidhani unamkosesha nani? Umeikosesha nyumba nzima, na wewe umo ndani yake." Shaibu alipotaka kujitetea kwamba alikohoa tu, baba akamkatisha. "Umekohoa leo. Kicheko umekipanda siku nyingi."

Nilianza kujiona nimeshinda kesi. Akanigeukia na mimi.

"Nawe usijifiche nyuma ya kaka yako. Hakuna aliyekushika ulimi. Binti wa mwenzangu kachekwa kwa sauti kuliko wewe, na kaendelea."

Kipindi kilichofuata, baba alitusindikiza darasani. Alivaa kanzu na kofia, akaomba ruhusa kwa mwalimu, akaketi katikati ya wajuzi wa nyuma, magoti yake yakigusa dawati la watoto. Nilisimama kabla sijaitwa. Nikaisema sentensi yangu, na kwa woga nikaikosea, ile ile niliyoichambua kwa uangalifu wote. Nikairudia. Hakuna aliyepaza sauti. Baba, ambaye hakujua neno hata moja kati ya yale, alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, kwa kuwa maana yake alikuwa anayo.

Lakini nafasi ilikuwa imekwenda, mwanangu, na sitaki kukudanganya kwamba ilirudi. Kiwanda kiliwapunguza watu, na baba alikuwa mmojawapo. Mpaka nilipopata kazi kwingine, alilinda usiku yadi ya mtu huko Wazo, jirani na kiwanda cha saruji, akirejea asubuhi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Kila nilipompokea fimbo yake ya ulinzi mlangoni niliisikia sentensi yangu, nayo haikuwa tena zoezi la darasani.

Basi nakuusia. Zamu yako ikifika, sema ulicho nacho, hata kikiwa na kasoro, kwa sababu kasoro husahihishwa, lakini ukimya hauna cha kusahihishwa. Na mwenzako anaposimama akihangaika na neno, zuia kicheko chako. Hujui nani nyumbani kwao anangoja matunda ya neno hilo. Lugha ya kigeni ni chombo cha kazi. Ukiigeuza fimbo ya kumpigia mwenzako, utakuwa umeiba riziki ya watu usiowajua.

Mungu akujalie ulimi usioogopa na sikio lenye huruma. Na siku utakaposimama huku viganja vimelowa, akuwekee nyuma ya darasa mtu mmoja anayekuitikia kwa kichwa.