Sahani Chini ya Kawa

Mwenzangu akipika bokoboko huanza alfajiri, nami baada ya miaka yote hii bado husimama mlangoni mwa jiko kumtazama. Ana kitambi sasa, na mvi zimemjaa kifuani, lakini akishika mwiko kuponda ngano na nyama naona kama ndiyo kwanza namjua. Mimi hata yai likinichemkia hupasuka.

Tunaishi huku ng'ambo, mjini Nizwa. Majirani tumewaambia ni binamu yangu kutoka mji wa Ibra, nao kwa adabu yao hawajauliza zaidi. Mama yangu, aliyekuwa akikaa Sur kwa dada, yeye akimwita "mgeni wako". Kila alipokuja kututembelea alikula, akashukuru, kisha akaniambia, "Mgeni wako ana mkono mzuri." Mgeni, na jiko lenyewe kalinunua yeye.

Basi mama alipoumia goti na ngazi za kwa dada zikamshinda, ikaamuliwa aje kwangu moja kwa moja. Mwenzangu hakulalamika. Alitia nguo zake katika begi, akaliweka ukumbini, akasema atatafuta chumba Manah. "Mama mtu mzima," alisema. "Tusimtie dhiki." Nilimkasirikia siku nzima.

Mama alipofika, kazi yake ya kwanza ilikuwa kumsahihisha mwenzangu maneno. Mwenzangu wazee wake ni watu wa Unguja, lakini yeye kazaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akisema "kiti yako", mama humrudishia "chako" kabla hajakaa.

Ijumaa ile alipika bokoboko, akaliacha kwenye moto mdogo, akenda Manah kuonana na mwenye chumba. Nikarudi msikitini, yeye bado. Nikapakua sahani mbili.

"Ya tatu i wapi?" mama akauliza.

"Atapakua mwenyewe akirudi."

Alinitazama kwa namna aliyokuwa akinitazama nikivunja kitu utotoni. Akajikongoja hadi jikoni, akapakua katikati ya sufuria, penye nyama, akamimina samli. Kisha akatoa katika mizigo yake lile kawa la ukili alilokuwa akimfunikia marehemu baba chakula chake. Kwetu, chini ya kawa lile hakikuwekwa chakula cha mtu mwingine, na tangu baba afe sikuwahi kuliona likifunika kitu. Akafunika sahani. Nilimwogopa mama, na sijapata kumpenda kama saa ile.

Mwenzangu aliingia anatoka jasho. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaliona kawa mezani. "Chakula ya nani hii?"

"Chakula *cha* nani *hichi*," mama akamwambia. "Chako. Kaa ule, kinapoa."

Alikaa. Alikula kijiko kimoja, akainamisha kichwa, na machozi yakamtoka mbele yetu bila ya kuyaficha. Mama alijifanya haoni. Alikuwa akiangalia ukumbini.

"Na begi lile liondosheni njiani," alisema. "Nina goti bovu mie, ntajikwaa."

Nilinyanyuka nikalishika, sijui niende nalo wapi. Nikamuuliza nilipeleke wapi.

"Chumbani kwenu," alisema mama, akaendelea kula.