Feni ya Chumba cha Tatu

Rasto alipovuka mpaka kutoka kwao Samia kwenda Tororo, alimwambia mkewe Felistus kwamba angekaa miaka miwili tu. Kiwanda cha saruji kilikuwa kinajengwa, waashi walitafutwa kila pembe, na mkono wake wa kupanga matofali ulijulikana Samia nzima. Felistus alimfungia viazi vitamu vya kuchemsha, akamsindikiza hadi njia panda. Huo ulikuwa mwaka wa 1952. Mwaka wa 1965 Rasto alikuwa bado yuko Tororo, akifanya kazi kiwandani hapo hapo, kichwa kimejaa mvi, na nyumba ya bati aliyomwahidi mkewe hajaiwekea hata jiwe moja. Alichokuwa amejenga ni vyumba sita vya kupangisha, mstari mmoja, kando ya barabara ya kwenda Rubongi.

Kwao hakukusahau. Kila Krismasi alirudi, akakaa siku nne, akaondoka. Lakini mawazo yake yalirudi kila jioni. Alipokuwa ameketi mlangoni pa chumba chake, jasho likimtiririka mgongoni, alitamani ule upepo wa ziwani unaopanda vilima vya Samia jua likielekea kuzama, na Felistus akipeta mtama uani, akiwafukuza kuku kwa mguu bila kuwatazama. Wakati mwingine alijikuta ametabasamu peke yake, wapangaji wakidhani anawasalimia.

Mpangaji wa chumba cha tatu alikuwa Agwang, nesi wa hospitali, binti wa Kiteso mwenye sauti ya upole. Alifanya kazi za usiku, akalala mchana. Au tuseme alijaribu kulala, maana bati likishachomwa na jua kile chumba kilikuwa tanuri. Siku moja, saa nane mchana, Rasto alimkuta ameketi kizingitini, macho mekundu.

"Mzee, mimi nalala saa moja tu, naamka nimeloa," alisema Agwang. "Jana usiku nilikaribia kumpa mgonjwa dawa ya mtu mwingine. Dada mkubwa wa wodi aliniona, akanishika mkono. Tafadhali, tuwekee feni. Ile ya juu, kama ya duka la nguo pale mjini."

Rasto aliitikia kwamba angefikiri. Wapangaji wengine waliposikia, nao wakazitaka. Owor wa chumba cha kwanza, karani wa posta, alisema angekubali kodi ipande kidogo, mradi apate upepo.

Akamwita Okware, fundi wa umeme. Okware alipanda ngazi, akagonga boriti, akapima kwa kamba, akashuka akitikisa kichwa.

"Mzee Rasto, nakwambia ukweli. Hii nyumba iko chini. Mtu mrefu akivaa shati, mapanga ya feni yanakata yeye vidole. Halafu hakuna dari. Feni itachukua joto ya bati, inarudishia mtu kichwani."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana chumba moja moja. Tuinue bati, tuweke dari, tutoboe matundu ya hewa juu ya ukuta, ndiyo feni. Lakini vyumba sita? Hiyo kazi ni kubwa."

Rasto alikuwa na akiba moja tu, na akiba hiyo ilikuwa ya bati la nyumba ya Felistus. Alikaa na jambo hilo wiki mbili. Akimtazama Agwang akirudi asubuhi akiburuta viatu, aliona aite fundi leo leo. Akikumbuka paa la nyasi la kwao, ambalo Krismasi iliyopita lilivuja juu ya kitanda, aliona aibu. Mwishowe akamwandikia mkewe barua aje waamue pamoja.

Felistus alikuja kwa basi kutoka Busia, na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Tangu Rasto ahamie Tororo, hii ilikuwa mara yake ya pili kufika. Alivitazama vile vyumba sita, milango iliyopakwa rangi ya bluu, akapitisha kiganja ukutani palipopigwa plasta vizuri.

"Umejenga, Baba Metrine," alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

Mchana huo aliingia chumba cha tatu kumsalimia Agwang, akakaa naye muda mrefu. Alipotoka, leso yake ilikuwa imelowa jasho.

"Mwekee huyu mtoto feni," alimwambia mumewe.

"Na nyumba yako?"

"Nyumba yangu imengoja."

"Mama Metrine, nilikuahidi."

"Uliniahidi, ndiyo. Mwanzoni nilikuwa nikisikia basi nasimama mlangoni. Metrine alipoolewa nikaacha kusimama." Alisema bila hasira, huku akiwatoa samaki kikapuni mmoja mmoja. "Nimezoea, Baba Metrine. Yule msichana hawezi kuzoea. Anashika maisha ya watu."

Rasto alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Angetukanwa, angejitetea, angeahidi upya. Si maneno yale. Aliinama, akajishughulisha na kamba ya kiatu chake mpaka macho yakakauka.

Felistus aliondoka kesho yake. Okware alikuja wiki hiyo hiyo na vijana wake wawili. Waliinua bati la chumba cha tatu, wakapigilia dari, wakaning'iniza feni. Vyumba vingine Rasto aliviwekea dari na matundu ya hewa tu, akawaeleza wapangaji sababu. Owor alinung'unika kidogo, kisha akakiri kwamba joto limepungua. Agwang alilala siku ya kwanza mpaka jua likatua. Alipoamka alimpelekea Rasto chai, na uso wake ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Rasto alifurahi, lakini furaha ile haikukaa. Alikuwa akisikia ule mvumo wa feni nyuma ya ukuta na kufikiri juu ya mtu aliyeacha kusimama mlangoni. Kabla ya mwezi kwisha aliomba kuacha kazi kiwandani. Funguo za vyumba alimkabidhi Owor amwangalizie, akafunga zana zake za uashi, mwiko na timazi, pamoja na nguo zake katika sanduku moja, akapanda basi.

Alifika kwao alasiri. Paa la nyasi lilikuwa jipya. Felistus na wanawake wenzake wa kanisani walikuwa wameezeka wenyewe. Alimkuta akianika mihogo.

"Karibu," alisema Felistus, kama anavyokaribishwa mgeni. Akamletea kiti cha wageni, akampa maji ya kunywa. Kisha akauliza, "Umekuja siku ngapi safari hii?"

"Sirudi tena Tororo."

Felistus alimtazama, akalitazama sanduku, akatazama tena mihogo yake. Aligeuza vipande kadhaa ambavyo havikuhitaji kugeuzwa.

"Kitanda ni kidogo," alisema hatimaye. "Nilikibadilisha. Nilichukua cha mtu mmoja."

"Kesho nitatafuta mbao."

Felistus aliendelea kuanika. Lakini alipokwenda jikoni kuwasha moto, alirudi mlangoni akauliza kama bado anapenda samaki wake na pilipili, au huko alikokaa alibadilika.