Miguu ya Chuma

Kwa miaka arobaini Mama Pindo aliushonea mtaa mzima kwa cherehani ya kukanyaga, pale kibarazani. Wanawake walikuja kupunguzisha gauni wakakaa hadi adhuhuri, wakitaniana. Siku hizi nguo zinanunuliwa zikiwa tayari, na mtu anacheka peke yake na simu.

Kiuno kilipoanza kumuuma, mwanawe wa pekee akasema, "Mama, umenilea kwa taabu. Pumzika." Cherehani ikaenda stoo. Mama naye akapumzika, uso ukutani. Maumivu yakashuka magotini, yakapanda mabegani. Chakula hakipiti. Siku nzima neno moja, au hakuna. Vidonge vikaongezwa, naye akazidi kunyauka.

Mwishowe daktari akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye mikono migumu kama ya mpasua kuni.

"Bibi, zamani kabla hujaumwa ulikuwa ukifanya nini?"

"Nikikanyaga cherehani na kusengenya watu."

"Basi rudia vyote viwili. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, miguu ikanyage taratibu. Na usikae peke yako. Vidonge havitakupigisha soga."

Mama Pindo alicheka mpaka akajishika ubavu. Alimwambia mwanawe arudishe cherehani, akamtumia salamu shoga yake wa zamani, aliyekuwa akimtilia vifungo kwenye nguo: "Jumamosi njoo. Nina kiporo cha umbea cha mwaka mzima."

Jumamosi mwana akamwongoza mama sebuleni, shoga nyuma yao. Kichwa cha cherehani kilikaa juu ya meza mpya, ubavuni kimefungwa mota.

"Mama, unagusa swichi tu, inakimbia yenyewe! Hata mguu huinui."

"Kanyagio liko wapi?"

"Ile miguu ya chuma? Nimeikata, nikaiundia meza ya runinga. Imependeza, eti?"

Shoga akamtazama mwenzake. "Mwenzangu, huyu atakuzika kwa mapenzi."

Mama akagusa swichi. Mota ikanguruma, umbea haukusikika. "Unasemaje?" "Nini?" Baada ya robo saa shoga akaaga, koo limemkauka kwa kupaza sauti.

Wiki iliyofuata yule binti akamkunja goti. Goti likagoma.

"Bibi, hukukanyaga?"

Akasimuliwa yote.

"Sasa si umwambie mwanao kwamba amekosea?"

"Nimwambieje, mjukuu wangu? Kila nikipita, watu wananipongeza kwa kuzaa mwana kama yule."