Kibibi na Kitanda cha Majani

Wapo watu ambao hata wakilala, miguu yao huonekana imo safarini. Kibibi binti Hamidi, wa mtaa wa Mbotela, alikuwa mmoja wao. Ukimwachia wali motoni, atafunua kifuniko mara hii na mara ile mpaka wali utoke na kiini. Ukimwachia mtoto aliyelala, atamgeuza aone kama analala vizuri, na mtoto ataamka. Mama yake alizoea kusema, "Huyu nilimzaa sokoni," ingawa alimzaa hospitali kama watu wengine.

Hamidi, baba yake, alikuwa na duka la nazi, tende na viungo, si mbali na Jogoo Road. Mzee yule aliweza kukaa nyuma ya meza tangu asubuhi mpaka isha, wala usimwone akijinyoosha. Kwake yeye kukaa ndiko kufanya kazi. Kwa Kibibi, kukaa pale saa moja tu kulikuwa kifungo. Ndiyo maana alipomaliza shule aliomba chuo cha kilimo, akidhani atapewa mashamba ya kukimbizana nayo. Hamidi alikubali kwa sharti, na akalitamka mbele ya mama mtu na shangazi Fatu lisije likageuzwa baadaye.

"Nenda, mwanangu. Ukirudi na cheti, fanya utakalo. Ukirudi bila cheti, kiti hiki cha dukani ni chako."

Mwaka wa sabini na nane, muhula wa mwisho, chuo kiliwatawanya wanafunzi wakajifunze kazi kwa mikono. Wengine walipata ng'ombe, wengine kahawa. Kibibi na mwenzake Perez, msichana wa mtaa wa Jericho, wakapelekwa klabu ya gofu upande wa pili wa mji, kutunza majani.

Shangazi Fatu jambo hili halikumwingia akilini. "Majani ya ng'ombe?"

"La, shangazi. Ya watu kuchezea mpira mdogo."

"Na ng'ombe hawali?"

"Ng'ombe akikanyaga pale ataitiwa polisi."

"Basi mmetumwa kulinda chakula kisicho na mlaji," shangazi akasema, akarudi kuchagua mchele wake.

Nyapara wa majani pale klabuni alikuwa Mutisya, mtu mfupi, mpole, mwenye kofia iliyochanika ukingo. Siku ya kwanza aliwapeleka nyuma ya banda la mashine, akampa kila mmoja kitanda cha majani mapya. Yalikuwa yale majani ya kuzunguka kishimo chenye bendera, yanayokatwa mafupi mpaka yakalala kama zulia la msikitini.

"Mwalimu wenu akija mwisho wa muhula ataangalia hii," Mutisya akasema. "Ikishika udongo, umepita. Isiposhika, mimi siwezi kumdanganya."

Perez alimwagilia chake asubuhi, kisha akaketi juu ya debe akitafuna njugu. Kibibi alimwagilia asubuhi, akamwagilia adhuhuri, na kabla ya kwenda nyumbani akamwagilia tena. Alitia mbolea kiganja kimoja. Kesho yake akaona kiganja kile kilikuwa kidogo, akaongeza. Halafu akawa anainua pembe za majani kuchungulia kama mizizi imeshika, na kila akiinua, vijizizi vilivyoanza kushika vinakatika.

"Kibibi," Perez akamwambia, "hiyo ni majani ama ni chapati? Mbona unaigeuza?"

"Naangalia tu."

"Basi angalia na macho."

Jumapili moja Hamidi alikwenda matangani mtaa wa Mowlem, akamwacha Kibibi dukani. Jua likawa kali. Akipima tende, Kibibi anaona majani yanakauka. Akifunga bizari, anaona cheti kinaungua pamoja nayo. Akatazama kiti alichokalia, akahisi kama kinamshika kiunoni. Hakuvumilia. Alimwita shangazi Fatu akae badala yake, akapanda basi kuvuka mji, akambembeleza askari wa lango la klabu, na jioni ile akakimwagilia kitanda mpaka ukikikanyaga kinalia chubwi.

Aliporudi alimkuta baba yake amekwisha kurudi. Shangazi alikuwa ameuza iliki kwa bei ya chumvi. Hamidi hakupandisha sauti.

"Kimbia, mama, kimbia. Kiti hakina miguu. Kitakungoja."

Jumatatu asubuhi kitanda kilikuwa kimefunikwa nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Jua lilipozikausha, chini yake yakabaki madoa ya kahawia, duara kwa duara, utadhani kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Mutisya akachuchumaa.

"Nani alimwaga maji hapa jana jioni?"

"Ni mimi, mzee."

"Jana ilikuwa Jumapili."

"Najua."

"Sasa wewe ukilala kwa kitanda imeloa, utaamka mzima?" Mutisya akauliza. Perez aligeuka upande wa pili, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mutisya akachomeka vijiti vinne, akazungusha kamba. "Ukivuka hii kamba, naambia mwalimu akurudishe kwenu."

"Na majani yatapona vipi?"

"Ikiachwa."

"Na mimi nifanye nini?"

Mutisya akamkabidhi ufito mrefu wa mwanzi. Kazi ilikuwa kuzunguka kiwanja kizima kabla jua halijapanda, kupangusa umande kwenye kila duara lenye bendera, maana umande ukikawia juu ya majani huleta ugonjwa ule ule. Kibibi akaondoka kama aliyefunguliwa kamba. Akimaliza duara moja, la pili linamwita, na hapati muda wa kulichokonoa lolote. Vibarua walimwona akiwapita, wakasema msichana wa Mbotela anafukuzwa na deni.

Lakini kila akirudi bandani, kamba ile ilimkata moyo. Alipita mbali, mikono nyuma, mkono mmoja umeshika mwingine kama polisi na mwizi. Nyumbani alikula amesimama. Mama yake akimwambia keti, anaketi. Mama akigeuka, keshasimama.

Siku moja kabla ya mwalimu kuja, jua liliwaka tangu asubuhi. Mutisya alikuwa amekwenda kula. Mpira wa maji ulilala pale chini ukivuja taratibu, na machoni pa Kibibi majani yalikuwa yanalia kiu. Akauokota mpira. Mguu mmoja ukavuka kamba na kubaki hewani. Kiti cha duka kilikuwa kinamwambia, mwagia, mwagia upesi, jiokoe. Akakumbuka kwamba kiti hicho hicho ndicho kilichomwambia hivyo ile Jumapili.

"Kibibi," Perez akaita kutoka kwenye debe lake, "huko ndani kuna mchumba?"

Akaurudisha mguu. Akaubwaga mpira, akachukua ufito, akaenda kupangusa duara lililokauka tangu asubuhi. Akapangusa, akapangusa, wachezaji wamesimama wanamngoja, mpaka mzungu mmoja akamwuliza kedi wake, yule mbeba mifuko ya gofu, kama dada yule ni mzima.

Mwalimu Roseline alifika kesho yake. Alipiga magoti, akashika majani ya Kibibi, akavuta kwa nguvu. Hayakutoka.

"Yameshika," akasema. "Lakini yana makovu. Ulifanya nini muda wote huu?"

"Mwanzoni nilifanya mengi mno, mwalimu. Baadaye sikuyafanya kitu."

Roseline akamgeukia nyapara. "Mzee, huyu ungemwandika kazi?"

Mutisya alivua kofia, akajikuna. "Ukimpa kitanda moja ataiua. Hii imepona kwa bahati. Na makosa ingine ni yangu, nilimpa kidogo. Mpe kiwanja yote azunguke. Hapo hatapata nafasi ya kusumbua majani."

Kibibi alipita kwa kuchechemea, chini ya Perez kwa mbali, na Perez hakumwacha asahau.

Jioni alimkuta Hamidi nyuma ya meza yake.

"Nimepita, baba."

"Kwa kukaa au kwa kukimbia?"

"Kwa kukimbia mbali na majani."

Mzee akacheka mpaka akajishika mbavu, akamchagulia nazi nzuri ampelekee mama yake jikoni. Mwezi uliofuata klabu ilimwandika Kibibi, na kwa miaka mingi wachezaji wa alfajiri walimkuta kiwanjani na ufito wake, akitoka duara hili akienda lile. Vibarua waliokuja nyuma yake walipewa kila mmoja kitanda cha kutunza. Kibibi, Mutisya hakumpa hata kimoja.