Siku Bernadette Alipokosa Kutukanwa

Bernadette Kaczmarek alikuwa na ulimi wa kumenyea viazi. Miaka mingi alikaa chumba cha redio kwenye karakana ya mabasi ya shule, mjini Buffalo, akiwaelekeza madereva njia na kuwachana kwa maneno papo hapo hewani. Watu wa huko, ukimtania mtu wanasema umemvuta mguu. Ukimchokoza mpaka akapandwa na hasira, umemchukua mbuzi wake. Basi kwa Bernadette madereva wote wangekuwa wanachechemea, na mwenyewe angefungua bucha.

"Wendell! Theluji inakanyagwa, haiombwi ruhusa!"

"Na wewe usiyejua kusukuma hata toroli, nyamaza, bibie!"

Huyo ni Wendell Odom, dereva mwenye shingo nene na moyo wa pamba, windo lake la kila asubuhi. Siku wasipotukanana, ujue shule zimefungwa.

Alipostaafu, Bernadette alitaka kitu kimoja tu: achanwe. Ndiyo desturi. Anayeagwa hukalishwa mbele ya ukumbi, wenzake wakapanda jukwaani mmoja mmoja kumsema vibaya mpaka acheke machozi. Wasiyempenda ndiye humsifia. Akakaa kwenye kiti chake akijisikia bibi harusi.

Wa kwanza kupanda alikuwa Stan, fundi wa breki, ambaye Bernadette aliwahi kumwita kobe mbele ya wakwe zake.

"Bernie ni mwanamke mwema," Stan akasema, sauti ikimtetemeka. "Ametulea." Akashuka.

Bernadette akangoja kijembe. Hakikuja.

Wa pili akasema atamkumbuka daima. Amkumbuke vipi, na mtu yuko hapo mbele anatafuna mabawa ya kuku? Wa tatu akaleta maua. Maua!

"Jamani, mbona mnanisema kama niko ndani ya sanduku?"

Hakuna aliyecheka. Meza ya nyuma mtu akapenga kamasi.

Hapo akaliweka chini bawa la kuku. Habari za ugonjwa wake alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, bosi Pruitt, kwa sababu ya mambo ya bima, tena akamwapisha asimwambie mtu. Akamgeukia. Pruitt alikuwa anaikodolea sahani yake macho kama imeandikwa mtihani.

Wanajua. Wote wanajua!

Hata daktari hakumtisha hivi. Daktari angalau alimpa muda. Hawa walishamzika, sasa wanakula matanga yake naye yupo.

Wendell akapanda, kofia mkononi. Bernadette akamkazia macho: na wewe ukisema mimi mwema, nakurushia kiti.

"Bernie," Wendell akaanza. "Tumesikia unaumwa."

Akaivaa kofia yake.

"Mimi namsikitikia malaika wa kifo. Atakuja, maskini ya Mungu, na wewe utamfokea: 'Uko barabara gani wewe? Umechelewa! Geuza!' Kisha utamtuma kwa Pruitt."

Uma ukaanguka. "Yesu wangu!" mke wa Stan akasema, kiganja mdomoni. Pruitt akaiva kama kamba aliyechemshwa. Bernadette mwenyewe alibaki kinywa wazi, neno hana. Tangu aajiriwe, hakuna aliyewahi kumwona hana neno. Wendell alipoona hivyo jasho likamtoka.

"Bernie, nisamehe, mama, mimi nili..."

"Kwa Pruitt simtumi," Bernadette akasema, sauti ikikwaruza. "Atampekua mpaka kesho, roho haioni."

Kicheko kimoja kilitoroka kona ya mlangoni, kikakimbilia kujificha. Bernadette akasimama.

"Ni saratani ya kongosho. Sasa mmesikia kwangu, si kwa huyu mmbea. Na bado sijafa, kwa hiyo nawadai matusi. Stan! Rudi huku juu. Ukinisifu tena nahamia kwako, mimi na ugonjwa wangu."

Stan akarudi akiburuza miguu, uso umempauka. Akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Ile kahawa yako, Bernie," akasema kwa woga, "mimi nilikuwa naoshea breki."

Watu wakaangaliana, hawajui kama wanaruhusiwa kucheka. Bernadette akaketi, akakivuta kiti chake mbele kidogo.

"Ndiyo hiyo tu?" akamuuliza. "Endelea."